Kadirio liandikwe kabla ya kupima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na walimu wenzangu wa Hisabati shule za msingi. Mada ya makadirio tunaifundisha kinyumenyume. Mtoto anapewa 48 × 21, anakokotoa 1,008, halafu anaandika "takribani 1,000". Hapo hajakadiria kitu, amefupisha jibu alilokwisha kulipata. Kadirio hutangulia: 50 × 20, elfu moja, ndipo akokotoe.

Na aliandike kwa wino. Akitumia penseli, akiona kadirio lake limeachana na jibu atalifuta haraka, mwalimu ataweka vema, na kosa ambalo lingemfundisha litakuwa limekwenda na raba. Vikaratasi vinavyokusanywa kabla ya kupima vinafaa zaidi.

Vifaa tunavyo. Hapa Ujiji huhitaji zaidi ya maharage, kopo la lita moja na kikombe cha kahawa. Waulize kopo lililojaa lina punje ngapi: utasikia mia mbili, utasikia na milioni. Huko ni kubahatisha. Sasa wahesabu punje za kikombe kimoja, kijae sawa na mdomo bila kilima. Tuseme 140. Watazame kopo, wakadirie litaingia vikombe vingapi. Tuseme 14. 140 × 14 ni 1,960, karibu elfu mbili, na aliyesema milioni atacheka mwenyewe. Tofauti ni kwamba safari hii ana kitu kidogo alichokihesabu kwa mkono wake, na kikubwa anakipima kwa hicho. Zoezi huharibika kopo likitikiswa, kwa sababu maharage hushuka na kubanana, kopo likala vikombe zaidi (wauza sado sokoni wanalijua hili, na wanunuzi wao pia). Ama mtikise vyote viwili, ama msitikise chochote. Kwa kuanzia, kubali kadirio lililo ndani ya sehemu ya kumi ya jibu halisi, juu au chini.

Kanuni ya "tano na kuendelea, pandisha" nayo isifuatwe kama kipofu. Kwa 46 × 27, ukipandisha zote mbili unapata 50 × 30, yaani 1,500, wakati jibu ni 1,242. Ukipandisha moja, ishushe nyingine: 50 × 25 ni 1,250.

Dukani ni kinyume. Mtoto aliyetumwa na noti ya elfu kumi kununua vitu vya 1,850, 3,200, 2,750 na 900, na apandishe kila bei: 2,000, 3,500, 3,000 na 1,000. Inakuwa 9,500, pesa inatosha. Akijumlisha maelfu peke yake anapata 6,000, anaona ana elfu nne za ziada, kumbe bei halisi ni 8,700. Mzigo wa kupakia kwenye mtumbwi hukadiriwa kwa juu vilevile; petroli iliyobaki kwenye tangi la mashine hukadiriwa kwa chini. Swali la "ukikosea upande huu itakuwaje?" silioni likiulizwa darasani, nami naliona kubwa kuliko kanuni yenyewe.

Uzito uanzie kwenye maji: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 20 ukiacha dumu lenyewe. La mawese je? Wengi watasema 20 pia. Ni kama 18, maana mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo sababu huelea juu ya mchuzi.

Kwa umbali, nyosheni kamba ya mita 20 uwanjani, kila mtoto aitembee mara tatu akihesabu hatua, achukue wastani. Mara ya kwanza huwa anajivuta kwa kuwa anatazamwa, kwa hiyo msiishie hapo. Akipata hatua 40, hatua yake ni nusu mita, na tangu hapo njia ya nyumbani kwake inapimika. Msianze na ziwa. Juu ya maji hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia, mtumbwi ulio mbali huonekana uko karibu, na hata mtu mzima hukosea kwa mbali. Wakishazoea uwanja na barabara, ndipo washuke ufukweni.

Mwalimu wa Hisabati,
Ujiji, Kigoma