Barua ya malalamiko: Programu yenu inaporomosha picha za mistari 30

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: PROGRAMU YA KUONYESHA TELEVISHENI YA KIMAKANIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua programu yenu kwa sababu tangazo lilisema inaonyesha mifumo yote ya mwanzo ya televisheni kutoka kwenye faili la sauti, maana ishara ya picha za wakati ule iliweza kurekodiwa kama sauti. Nimeitumia wiki tatu. Imeshindwa hata mfumo wa mistari 30 wa John Logie Baird, mvumbuzi kutoka Uskoti, ambao ndio ulionifanya niinunue. Nilipolalamika mara ya kwanza nilijibiwa kwamba faili langu limeharibika. Jibu hilo silikubali.

Mfumo huo, ambao BBC iliutumia kurusha vipindi hadi 1935, una mistari 30 ya wima kwa kila picha, na picha 12.5 kwa sekunde. Hiyo ni mistari 375 kwa sekunde. Faili la sauti la kawaida lina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Ukigawanya, kila mstari unapata sampuli 117.6. Programu yenu haitaki desimali. Nikiandika 117.6 kwenye kisanduku cha sampuli kwa kila mstari, namba inajibadilisha yenyewe kuwa 118.

Sampuli 0.4 ni kitu kidogo, lakini baada ya mistari 30 zimeshakuwa 12, karibu sehemu ya kumi ya urefu wa picha. Ndicho ninachokiona kwenye skrini: bega moja liko chini ya jingine, kidevu kinazama, kisha kinatokeza juu ya nywele. Sekunde moja haiishi, picha imeshazunguka yote.

Ili nisimsingizie mtu, nilitengeneza ishara yangu mwenyewe: herufi R nyeupe juu ya weusi. Niliihifadhi mara mbili, kwanza kwa sampuli 44,100, kisha kwa 48,000, ambapo kila mstari unapata sampuli 128 kamili. Ya pili ilitulia tuli. Ya kwanza iliporomoka. Faili lina kosa gani hapo? Na zote mbili zilitokea zimegeuka kama kwenye kioo, kwa sababu Baird alichora mistari yake ya wima kuanzia kulia, nanyi mnaanzia kushoto.

Mhudumu wenu alinishauri nibadilishe mafaili yote yawe ya sampuli 48,000. Kwa Baird inasaidia. Lakini mfumo wa mvumbuzi Jenkins wa Marekani, mistari 48 na picha 15 kwa sekunde, unatoa mistari 720 kwa sekunde, na 48,000 kugawanya kwa 720 ni 66.67. Tumerudi palepale.

Linaloniumiza zaidi ni kile mnachokiita kusafisha sauti. Faili likifunguliwa tu, programu inakata sauti nzito, na sijaona mahali pa kuizuia. Kwa muziki sawa. Hapa sauti ndiyo picha yenyewe: mwanga wa eneo pana, kama paji la uso, umebebwa na sauti hizo nzito, zinazoshuka hadi mitetemo 12.5 kwa sekunde. Mkizikata, paji linaanza jeupe, linafifia kuwa kijivu, halafu linafuatwa na kivuli cheusi ambacho hakikuwepo.

Baird alirekodi picha kwenye santuri mwaka 1927 na 1928. Zilikaa miongo bila kutazamika vizuri, hadi mhandisi Donald McLean alipozitoa kwa kompyuta miaka ya 1980, akihangaika na mwendo wa mistari hiyohiyo mnayoifanyia haraka. Anayezifungua leo kwa programu yenu ataondoka akiamini kwamba televisheni ya wakati ule ilikuwa tope tupu. Haikuwa hivyo. Mdomo unafunguka, kichwa kinageuka, mtu unamwona.

Naomba kisanduku cha sampuli kipokee desimali, mtumiaji achague mstari uanzie upande gani, na usafishaji wa sauti uweze kuzimwa. Kama hayo hayawezekani ndani ya siku 30, nirudishiwe fedha yangu yote, na maneno "mifumo yote" yaondolewe kwenye tangazo. Nimeambatanisha mafaili yote mawili ya herufi R. Tafadhali yafungueni kabla ya kunijibu.

Wenu,
Mteja wenu