Salamu za Pasaka: tusiipasue ile kanzu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tumsifu Yesu Kristo. Shalom.

Nimeziweka zote tatu makusudi kabisa, maana huku kwetu mtu akifungua mdomo tu kusalimia ushajua anasali wapi, akisema Tumsifu Yesu Kristo unajua huyu Mkatoliki, akisema Bwana Yesu asifiwe unajua huyu ni wetu Walutheri au Mwanglikana au Mmoraviani, akisema Shalom unajua huyu mlokole, na nimeshaona msibani watu wa salamu moja wanajikusanya turubai hili na wa salamu nyingine turubai lile na marehemu ni mmoja. Basi leo itikia zote. Heri ya Pasaka kwako na kwa wote wa nyumbani kwako, Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli!

Nawaandikia Jumamosi hii usiku, watoto wameshalala, nguo za kesho zimepigwa pasi, na tangu Alhamisi Kuu kuna kitu kimenikaa moyoni nikaona nisiwatumie ile kadi ya mtandaoni yenye msalaba na maua halafu basi. Alhamisi pale tukisoma habari za karamu ya mwisho nilisimama kwenye Luka 22, mstari wa 24, nimeusoma miaka yote ila safari hii ulinigonga. Bwana ametoka kuumega mkate, ametoka kuwapa kikombe, amewaambia yupo mezani atakayemsaliti, na hapohapo wale mitume wakaanza kushindana nani mkubwa. Mezani kabisa jamani, mkate bado upo mkononi! Na usiku huohuo, ukienda Yohana 17, unamkuta Yesu anaomba, na anachoomba kwa ajili yetu sisi tutakaoamini baadaye ni kwamba wote wawe na umoja ili ulimwengu upate kusadiki. Yaani angeweza kutuombea mengi usiku ule, akaomba hilo, na aliliomba akiwa ametoka kusikiliza ugomvi wao kwa masikio yake.

Halafu Ijumaa Kuu pale msalabani. Askari waligawana mavazi yake mafungu manne, ila walipofika kwenye kanzu wakakuta haina mshono, imefumwa yote tangu juu, wakaambiana, "Tusiipasue." Hao ni askari wa Kirumi, hawamjui, wametoka kumpigilia misumari, na bado wameionea huruma kanzu. Sisi tunaomjua ndio tunaopasua.

Na sisemi hivi kwa kubahatisha, angalia kaburi lenyewe la Bwana kule Yerusalemu. Kanisa la Kaburi Takatifu linatunzwa na madhehebu sita, Waothodoksi wa Kigiriki, Waarmenia, Wakatoliki, Wakopti, Wasiria na Waethiopia, kila mmoja ana sehemu yake na saa zake za ibada. Ufunguo wa mlango mkubwa unashikwa na familia za Kiislamu, moja inatunza ufunguo nyingine inafungua, ni heshima wanayorithishana karne kwa karne na nawashukuru sana kwa uaminifu huo, ila mimi kama Mkristo inaniuma kwamba sisi kwa sisi tumeshindwa kuaminiana ufunguo. Juu ya mlango kuna ngazi ndogo ya mbao iko dirishani tangu karne ya 18, haitolewi, maana hakuna wa kuigusa bila wengine kukubali. Mwaka 2002 watawa walipigana kule juu ya paa hadi watu wakapelekwa hospitali, chanzo ni kiti kilichosogezwa kivulini. Kiti! Mwaka 2008 tena Wagiriki na Waarmenia walipigana ndani ya kanisa hilohilo wakiwa na mavazi ya ibada na polisi wakaingia.

Ila nisiwaache hapo, maana habari ya kaburi hilo ina upande mwingine. Kile kijengo kidogo kinachofunika kaburi kilikuwa kinabomoka polepole, mwaka 1947 Waingereza wakakifunga vyuma pembeni kisianguke, na vyuma vile vikakaa miaka karibu 70 kwa sababu wenye nyumba hawakukubaliana namna ya kukarabati. Mwaka 2016 ndipo Wagiriki, Waarmenia na Wakatoliki wakakaa wakakubaliana, wakaleta wataalamu kutoka Athens, na Machi 2017 kazi ikaisha, vyuma vikaondolewa. Hakuna aliyebadilisha dhehebu. Walikubaliana tu kwamba kaburi la Bwana lisianguke mikononi mwao.

Na huku kwetu Afrika Mashariki tuna Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa pamoja mahali hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga, na kwa jumla mashahidi wa Uganda tunaowakumbuka ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Moto haukuuliza mtu amebatizwa na padre yupi. Huwa nawakumbuka wale vijana nikisikia watu wanabishana kwenye redio mchana kutwa nani ana ubatizo wa kweli.

Sasa nisije nikawasema watu wa Yerusalemu nikajiacha mimi. Kwaya yetu tulikuwa watu 34, tukachanga tukanunua kinanda, mhazini alikuwa dada mmoja wa sauti ya pili ambaye nimeimba naye tangu tuko kwaya ya watoto. Kinanda kikaja, risiti ikaja, tukipiga hesabu inapungua laki moja na themanini. Mimi ndiye niliyeuliza kwenye grupu. Sikumpigia simu, sikwenda kwake na kwake napajua, niliandika tu saa nne usiku "tunaomba ufafanuzi wa hela ya kinanda" nikaweka na picha ya risiti, na kabla hajajibu watu kumi walishaandika ya kwao, mwingine akaleta na mambo ya harusi ya nani sijui ya miaka iliyopita. Kumbe hela ilienda kwenye usafiri wa kutoka Kariakoo na kwa fundi wa spika, kila kitu kimeandikwa kwenye daftari, wiki iliyofuata wazee wa kanisa walilipitia wakaridhika. Lakini maneno yalishatoka. Dada akaondoka, na watu tisa wakaondoka naye, Pasaka ya mwaka jana tuliimba na pengo pale sauti ya pili mpaka mchungaji mwenyewe akalisikia.

Muda mrefu nilijitetea kwamba nilitaka uwazi tu. Na uwazi ni lazima, hela ya kanisa lazima isomwe, hilo sirudi nyuma, kuna watu wanaitaja amani ya kanisa ili wizi wao usiguswe na huo sio umoja. Ila Bwana alishatuwekea utaratibu, Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Grupu la watu 34 sio peke yenu. Na huyu hata kunikosea hakuwa amenikosea.

Kuna mama mmoja mzee wa kanisa ndiye aliyenisumbua, kila Jumapili ananishika mkono ananiuliza, "Umeshaenda?" Sijaenda mama. Jumapili nyingine, "Umeshaenda?" Ukisoma Wafilipi 4 utaona Paulo anawasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja, wanawake waliopigania Injili pamoja naye, halafu anamgeukia mtu wa tatu, anamwita mjoli wa kweli, yaani mtumishi mwenzake, anamwambia awasaidie. Kila ugomvi wa kanisani ungepata mjoli wa namna hiyo, asiyebeba maneno ya huku kupeleka kule, anayekuuliza swali moja tu kila wiki, sidhani kama tungekuwa na makundi yote haya.

Jana nikaenda. Ijumaa Kuu baada ya ibada, peke yangu, bila kutuma ujumbe. Alifungua mlango akaniangalia, hakusema kitu, akaingia ndani nikajua basi imeisha, kumbe ameenda kuleta kiti. Nikamwomba msamaha. Alilia, akaniambia kilichomuuma sio lile swali, ni kwamba katika miaka yote ile ya kuimba pamoja nilishindwa kumpigia simu moja. Sikuwa na jibu. Kwaya hajasema atarudi na mimi sikumuuliza. Wakati naondoka akasema Jumatatu ya Pasaka niwalete watoto, atapika pilau.

Nikirudi kwenye Pasaka yenyewe, mnajua jioni ile ya ufufuo Bwana alipowatokea hakuanza na kesi. Petro alikana, wengine walikimbia, Tomaso hata hakuwepo, na neno la kwanza lilikuwa "Amani iwe kwenu," akalirudia, na baada ya siku nane akalisema tena. Na siku hizo nane zote Tomaso alikuwa anasema haamini na wenzake hawakumfukuza, ndiyo maana Bwana alipokuja tena alimkuta yuko nao ndani.

Basi wapendwa, nyie wa salamu zote tatu, na wale tisa pia kama hii itawafikia, amani iwe kwenu. Kesho alfajiri tunaonana kanisani, na Jumatatu mchana asinitafute mtu, nitakuwa kwa dada yangu nakula pilau. Heri ya Pasaka!