Msimu wa korosho ndo huu, nani ameshukuriwa nyumbani kwako?

Mhariri, salaam kutoka huku Newala na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, kuna jambo limewasha magrupu yetu ya wasapu na naona watu wanabishana weee lakini lenyewe hasa hawaligusi.

Kisa ni hiyo Thanksgiving ya Wamarekani, sikukuu yao ya kushukuru inayoangukia Alhamisi moja ya Novemba. Kijana mmoja wa huku anaishi Dar karusha tangazo la hoteli, sijui bata mzinga, sijui meza ya familia, bei yake ukiiona unatafuta pa kukaa, basi grupu likachafuka. Huyu anasema utumwa wa akili, yule anasema waacheni watu wale hela zao, mwingine anasema sie waislamu tunashukuru mara tano kwa siku Alhamisi ya mzungu ya nini, na wenzetu wakristo nao wakajibu kwamba kanisani kuna sikukuu ya mavuno tangu enzi za mababu, watu wanapeleka mihogo na kuku mpaka madhabahuni na ibada ikiisha vinanadiwa. Wote wana haki yao. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumbani kwake mwaka huu kamshukuru nani.

Hiyo sikukuu yenyewe asili yake mavuno, kama yetu tu. Mwaka 1621 wale wahamiaji wa Kiingereza waliofikia Plymouth, huko Marekani, walivuna mazao yao ya kwanza, na majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa yameua karibu nusu yao, wakala na kufurahi siku tatu pamoja na wenyeji wa pale, Wawampanoag. Baadae sana, 1863, rais wao Lincoln akiwa katikati ya vita vya wao kwa wao akatangaza siku ya taifa zima kushukuru, na 1941 ikawekwa kwenye sheria kwamba itakuwa Alhamisi ya nne ya Novemba (Wakanada wao wanafanya Jumatatu ya pili ya Oktoba). Sasa kinachonigusa mimi ni kwamba wale wahamiaji kulima mahindi walifundishwa na mwenyeji, anaitwa Tisquantum, na vizazi vilivyofuata vya wenyeji hao wakaishia kunyang'anywa ardhi. Ndo maana tangu 1970 kuna wenyeji wa asili wanakutana hapohapo Plymouth siku hiyohiyo, wao wanaomboleza. Yani mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa huku aliyemuonesha jinsi ya kupanda amemuacha nje.

Sasa turudi kwetu maana huko mbali nimeenda kutafuta mfano tu.

Novemba huku kusini kila mtu anajua ni nini. Mnada wa korosho. Asubuhi ukiamka habari ni bei, bodaboda anakuuliza bei, muuza vitumbua anakuuliza bei, na mwaka ule wa 2024/25 bei ilipovuka elfu nne kwa kilo jamani watu walikuwa wanasalimiana kwa hiyo namba. Hela ikiingia kwenye akaunti shukrani zinaanza kumwagika, Alhamdulillah, tunaishukuru serikali, tunamshukuru mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, tunamshukuru mnunuzi ambaye hata sura yake hatuijui maana siku hizi mnada uko kwenye mtandao. Vizuri, nami nashukuru. Lakini hiyo korosho haikujipeleka ghalani.

Nani alifyeka na kusafisha chini ya mikorosho? Wakati wa kupulizia salfa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni kweli baba anabeba bomba na anarudi macho mekundu, hiyo kazi ya kiume nampa heshima yake, sina ubishi. Lakini maji ya kumuogesha, na mnajua maji kwenye hii nyanda yetu ya Makonde yanavyopatikana kwa taabu, nani aliyafuata? Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka nani anainama asubuhi mpaka jua la utosi kuokota moja moja, kunyofoa korosho kutoka kwenye bibo mpaka mikono inanata na kuwasha, kwenda kuanika, kugeuza, kukimbia kuzianua wingu likitanda maana korosho ikilowa daraja la ubora linashuka, kukaa na bibi barazani kuchambua nzuri huku mbovu kule? Ni mama, ni watoto wakitoka shule, ni bibi ambaye kiuno chake chenyewe hakiko sawa. Halafu akaunti ina jina la nani. Sitaki kuwachosha, jibu mnalo.

Sheikh wetu hulirudia sana lile neno la Mtume kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Tunaitikia vizuri kabisa, tunatoka msikitini tunapitia kwa muuza nyama choma.

Na kuna kitu kingine kinaniuma zaidi ya hicho. Kwetu shukrani inapanda juu tu, haishuki. Mtoto amshukuru baba kwa sare ya shule, mke amshukuru mume kwa kitenge, mdogo amshukuru mkubwa. Jandoni na unyagoni mtoto anafundishwa adabu, anafundishwa kupokea kwa mikono miwili na kushukuru wakubwa, safi sana, mi mwenyewe nimepita huko, ila hakuna jando la mtu mzima la kufundishwa kumshukuru mtoto. Matokeo yake neno lenyewe limegeuka fimbo. Mke akiuliza hela ya mnada wa pili iko wapi, anaambiwa huna shukrani wewe. Kijana akisema baba mbona nimeokota msimu mzima na viatu sina, huna shukrani. Kwa hiyo mkisema familia zetu zifanye shukrani msimu huu halafu mkamaanisha watoto wapangwe mstari kumshukuru baba, bora mbaki na huo mnada wenu na hoteli yenu.

Nimeona inavyoweza kufanyika vizuri, kwa mjomba wa mume wangu, mzee wa Tandahimba huko, hajasoma sana na hiyo Thanksgiving ukimtajia atadhani ni dawa ya kupulizia. Malipo yakitoka anaita nyumba nzima jioni, mkeka unatandikwa uani. Anaanza kutaja watu, sio kwa sifa za jumla kwamba nyote mmefanya kazi, hapana, anataja kazi. Wewe ulipalilia kule bondeni peke yako wiki ile mwenzio anaumwa. Wewe siku ile ya mvua uliacha chakula ukakimbia kuanua. Wewe bibi yao, kuchambua kwako ndo kumetuletea daraja la kwanza. Mpaka yule kijana mvivu wa nyumba, kila nyumba ina wake, alitafutiwa lake akatajwa, alikuwa analinda shamba usiku. Akimaliza anatoa ile karatasi ya malipo anampa mjukuu aliyeko sekondari aisome kwa sauti, kilo ngapi, makato yote ya chama na nini, kilichobaki ngapi. Kila mtu anasikia. Halafu anauliza kila mmoja anataka nini, na hapo ndo shughuli.

Maana nisiwadanganye kwamba watu walikumbatiana. Kuna binti pale, mdogo tu, hakutaka gauni wala simu, akasema anataka mikorosho miwili ya pembeni ya njia iwe yake, akiokota ziuzwe hela iwe yake. Kaka yake mkubwa akawaka, mtoto wa kike ataolewa atakwenda na miti? Mzee akamuuliza, wewe ile miwili uliyopewa mwaka juzi umeifyeka? Kimya. Ugomvi haukuisha siku ile na sidhani kama umeisha mpaka leo, lakini binti miti kapewa. Mi hapo ndo nilipoelewa kwamba asante inayotajwa hadharani inamfungulia mtu mdomo, anaanza kuuliza haki yake, na labda ndo sababu wazee wengi wanaikwepa.

Wataalamu nao wamelipima kwa namna yao. Kuna Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, 2003 walichapisha utafiti wao, kundi moja liliandika kila wiki mambo ya kushukuru na jingine likaandika kero zake, na wale wa kushukuru wakaonekana kuyaona maisha yao vizuri zaidi. Sawa, ila wale walikuwa wanafunzi wa chuo na daftari zao, hawakuwa na mnada wa kugawana. Daftari la shukrani zuri, karatasi ya malipo juu ya mkeka nzuri zaidi.

Najua kuna atakayeniuliza, na msimu mbaya je? Tunakumbuka 2018, bei za wanunuzi zikakataliwa, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kubeba, na wapo waliokaa sana wakisubiria chao. Hata mwaka ule yule mzee aliita watu kwenye mkeka, karatasi haikuwepo lakini kazi ilikuwa imefanyika, akazitaja vilevile. Kilichonishinda mimi ni ile nyumba ambayo baba keshauza kangomba, yani kwa walanguzi kabla ya mavuno, tangu Agosti, korosho ikiwa bado ua, hela kaila na wenzake, halafu Novemba mama na watoto wanaokota za kulipa deni wasilolijua. Hapo sina ushauri wa shukrani. Hapo ni kikao cha wazee wa ukoo, na wajomba wa mama waitwe.

Jamani na chakula. Bata mzinga huku tumtoe wapi, na kwanini. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ipo, kisamvu cha nazi kipo, jogoo yupo anatusumbua kila alfajiri, mwenye uwezo aagize pweza kutoka Mtwara mjini. Ila nawaomba kitu kimoja kinababa, kama siku hiyo ni ya kumshukuru mama basi asiamshwe saa kumi kuwasha moto wa kuwapikia wageni waliokuja kumshukuru. Nimeona sherehe za hivo. Mnaopenda kuchoma nyama baa hata nyumbani jiko lipo.

Na watoto wakishatajwa na kushukuriwa waachwe wasome, kuokota ni baada ya shule na Jumamosi, hizi habari za darasa kuwa tupu kila msimu ukianza zisivikwe kanzu ya kwamba mtoto anasaidia familia.

Mhariri nawe nina neno na gazeti lako. Kila mnada mnatuandikia bei ya juu na bei ya chini, tani ngapi, ghala gani, na picha ya mgeni rasmi kashika korosho mbili mkononi anatabasamu. Mwandishi wako akija Newala tena, akishamaliza na mgeni rasmi apite na huku majumbani, mchana wote tupo uani tunaanika.

Mama mkulima,
Newala, Mtwara