Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wapenda Ndege: Ada, Mahudhurio na Utaratibu wa Kutumiana Picha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawakaribisha nyote. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulikwenda msitu wa Pugu, Pande, mashamba ya chumvi ya Kunduchi, na kwenye tope la Daraja la Selander maji yakiwa yamekupwa, tukaona vitwitwi na wahamiaji wengine wanaokuja kwetu kuanzia Septemba hadi Aprili. Vikao vya kila mwezi vilifanyika. Projekta ya vikao hivyo niliiazima mimi, mafuta ya safari ya Pande niliyatoa mfukoni mwangu, na sijakidai chama chochote.

Kuhusu fedha, tuko wanachama 84 na ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 47. Makusanyo ni 1,410,000, matumizi ya ukumbi, kukodi Coaster, kuchapisha picha na mengineyo ni 1,385,000. Mchanganuo anao Mhazini. Tunadai 1,110,000. Inaniuma kusema kwamba kati ya wasiolipa wapo wenzetu wenye lenzi za mamilioni, huku mwanachama anayepanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto amelipa tangu Januari.

Sasa nije kwenye suala lililotugawa mwaka huu: uamuzi wa Kamati kuhusu picha tunazotumiana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Nimeitwa dikteta kwa ajili yake, kwa hiyo naomba mnisikilize hadi mwisho.

Uamuzi una mambo matatu. Picha ipunguzwe kabla ya kutumwa, upande mrefu usizidi pikseli 1,600. Picha ya kiota chenye mayai au makinda isitumwe kabisa hadi makinda yaruke. Na picha iliyopigwa na mwanachama isitoke nje ya kikundi bila ruhusa yake.

Nianze na ukubwa. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, na faili lake hufika MB 10 kirahisi. Likitumwa kama dokumenti, bila kubanwa, na kufunguliwa na wanachama wote 84, hizo ni MB 840 za bando kwa picha moja ya kulastara. Ikipunguzwa hadi pikseli 1,600 inakuwa kama KB 500, na kikundi kizima kinatumia MB 42. Wapo wenzetu wanaonunua bando la siku. Wapo ambao simu zao zilijaa hadi wakalazimika kufuta picha za watoto wao ili wapate nafasi ya picha zetu. Wanaolalamika kwamba tunaua ubora nawajibu hivi: kioo cha simu nyingi kina upana wa pikseli 1,080 hivi, hizo nyingine hakuna anayeziona. Tukitaka kuchapisha kwa ukubwa wa A4 tunahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480, na hapo ndipo tutakapoomba picha halisi. Leteni kwenye flashi siku ya kikao, tutazipokea kwa mikono miwili.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nisirudi nyuma. Mwezi Juni ilitumwa kikundini picha ya bundi na makinda mawili kwenye tundu la mwembe mkongwe. Ilikuwa picha nzuri kweli: mzazi amefumbua jicho moja, makinda bado yamevaa manyoya laini meupe. Ilitumwa kama dokumenti ili isipoteze ubora. Wengi hawakujua kwamba WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, lakini dokumenti huenda kama ilivyo, pamoja na saa, aina ya simu, na kama GPS ilikuwa imewashwa, mahali penyewe hadi karibu na shina la mti. Siku chache baadaye picha hiyo ilikuwa inazunguka kwa watu wasio wanachama. Nilikwenda kwenye mwembe ule. Tundu lilikuwa limejaa majivu na nyuzi za tairi lililochomwa, na chini kulikuwa na kinda moja limekauka, siafu wamelizunguka.

Mnajua bundi anavyochukuliwa mitaani kwetu. Akilia juu ya bati, watu wanasubiri msiba. Mimi simnyooshei kidole aliyepiga picha, na wanaosema hakuna ushahidi kwamba picha ndiyo iliyowaonyesha njia wana haki ya kusema hivyo. Lakini mwembe ule umesimama miaka yote na bundi wake bila kuguswa. Chama cha wapenda ndege hakiwezi kusubiri ushahidi wa mahakamani kwa jambo kama hili. Kuzima taarifa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera ya simu hakuchukui hata dakika moja, na yeyote asiyejua namna ya kufanya nitamwonyesha mwenyewe.

La tatu halina ubishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha kama kazi ya aliyeipiga. Kuisambaza bila kumuuliza ni kumdhulumu mwenzako.

Nimeambiwa uamuzi huu ulipitishwa na watu wachache. Ni kweli, walikuwa 11. Tangazo la kikao lilitolewa wiki mbili kabla, Katibu akakumbusha mara mbili, na ajenda iliandikwa wazi: "Utaratibu wa Picha". Wanachama 73 hawakutokea. Jioni ileile, kabla sijafika nyumbani, simu yangu ilikuwa imejaa malalamiko ya watu ambao hawakuja. Ndugu zangu, kiti kitupu hakipigi kura. Mwenye hoja aje aitoe mbele ya wenzake, na ikiwa na nguvu kuliko yangu itapita. Nimeongoza chama hiki kwa kujitolea, nimekosa Jumamosi nyingi na familia yangu, na ninachoomba ni watu kufika.

Kwa mwaka ujao Kamati inatarajia, fedha zikiruhusu, kununua diski ya kuhifadhia picha halisi za wanachama, kuandaa maonyesho madogo, na ikiwezekana safari ya Saadani. Haya yote yanategemea ada.

Naomba Mkutano Mkuu uthibitishe utaratibu wa picha kama ulivyo. Anayetaka kuurekebisha asimame leo aseme kipengele gani na kwa nini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dar es Salaam