Huo Si Uvivu

Kirumba,
Mwanza.

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kirumba; sisi hatujambo, na natumaini nanyi huko Nansio mu wazima. Barua yako imenifikia kwa mkono wa mjomba wako aliyevuka na meli. Unasema, kama mzaha, kwamba tangu uanze kufundisha kidato cha nne kwa njia ya mtandao umekuwa mvivu, kwa kuwa unashinda nyumbani na bado jioni huna nguvu hata ya kuwasha jiko. Huo si uvivu, dada yangu.

Darasani uligeuka kutoka ubaoni mara moja tu, nyuso zikakuonyesha nani hajaelewa. Mtandaoni wanafunzi wengi huzima kamera ili kuokoa bando, nawe unabaki ukizungumza na majina matupu, ukikisia nani anasikiliza, ukichungulia maswali yanayoingia pembeni, ukihofia mtandao kukatika na kujitahidi kukumbuka ulipoishia. Akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na yako inabebeshwa yote hayo kipindi kizima. Kisha zinakuja picha za madaftari, nyingine kichwa chini miguu juu, uzisahihishe kwa kukuza mstari mmoja mmoja.

Lakini kinachokumaliza zaidi, kwa maoni yangu, ni kundi la wazazi. Mzazi anauliza zoezi saa nne usiku, na akishaona tiki za bluu anataka jibu (wengine hupiga kabisa). Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kuwa ni jambo litokanalo na kazi, wala si ugonjwa: mtu huishiwa nguvu, huanza kuichukia kazi yake, na huona hafanyi lolote la maana. Hilo la pili ndilo lililonishtua, uliposema siku hizi unafurahi umeme ukikatika.

Mwone mkuu wa shule kabla shule hazijafungwa, tena usiende peke yako. Ombeni saa maalumu ya kufunga kundi, na ruhusa ya kutuma baadhi ya vipindi vikiwa vimerekodiwa. Sisi tulikubaliwa la kwanza. Wazazi walinung'unika, kisha wakazoea. La pili bado linajadiliwa. Nimeambatanisha nakala ya barua tuliyomwandikia mkuu wetu. Ibadilishe upendavyo, ila aya ya saa za kazi usiipunguze makali.

Wako,
Mwalimu mwenzako