Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Orioles Msimu wa 2025 na Usajili wa Baridi Hii

Ndugu wanachama, habari za mwaka mpya wa 2026.

Mahesabu ya chama atawasomea mweka hazina, na hayana mengi: ada zimeingia, hatudaiwi, na turubai tuliloazima kwa nyama choma ya Julai limerudi zima. Nihamie kwa Baltimore Orioles wetu, timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, ambao mwaka 2025 walishinda mechi 75, wakapoteza 87, wakaburuza mkia katika kundi lao. Kwa wanachama wapya wanaoniuliza kila kikao: hapana, Marekani hakuna kushuka daraja. Tungeshuka.

Mnakumbuka taarifa yangu ya mwaka jana. Nililaumu uongozi wa timu kwa kumwachia mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) Corbin Burnes aende Arizona kwa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 210, na Anthony Santander, mwenye homurani 44 (mapigo ya kuvusha mpira juu ya ukuta wa uwanja) mwaka 2024, aende Toronto kwa milioni 92.5. Nikasema huu ni ubahili, mkapiga makofi. Kilichofuata mnakijua. Burnes alianza mechi 11 tu, kiwiko kikamsaliti, Juni akafanyiwa upasuaji. Santander alipiga homurani 6 msimu mzima. Katibu, aliyenipinga peke yake siku ile, amekuja leo na karatasi ya takwimu hizo mfukoni na ananitazama. Sawa, katibu. Deni la pilau nalikiri.

Ila sikiri yote. Hakuna aliyekiona kile kiwiko kikija, wala Arizona wenyewe, na kwangu usajili hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ya kusaini. Kosa langu lilikuwa kutazama mlango wa kutokea peke yake. Ningetazama wa kuingilia. Badala ya Burnes waliletwa Charlie Morton, mwenye miaka 41, kwa milioni 15. Tomoyuki Sugano kutoka Japani, miaka 35, milioni 13. Na Machi, maji yakiwa shingoni, Kyle Gibson kwa milioni 5.25. Wote mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Jumlisheni: milioni 33.25. Burnes kwa mwaka ni 35. Kwa hiyo ubahili haukuwepo. Pesa ilitoka karibu ile ile, ikanunua viraka. Sugano nitamtetea, alishinda 10 akapoteza 10, mtu mzima katika nchi ngeni. Morton alibebeshwa vipigo saba kabla ya kupata ushindi wa kwanza. Gibson alianza mechi nne, wastani wa mikimbio (yaani pointi) aliyofungwa kwa awamu tisa za mechi ukawa 16.78, wakaachana naye.

Tuliokuwa uwanjani Camden Yards Jumapili ya Pasaka, Aprili 20, hatuhitaji wastani. Cincinnati walitufunga 24 kwa 2. Warushaji walipokwisha, alipandishwa Jorge Mateo arushe, mlinzi wa eneo la ndani la uwanja, na baada yake Gary Sánchez, mdakaji, mtu ambaye kazi yake ni kuipokea mipira hiyo. Mzee mmoja wa kwetu, shabiki wa Yanga tangu ujana, aliniuliza kwa upole kama na sisi tunaweza kuitwa. Mei 17, timu ikiwa na ushindi 15 na vipigo 28, kocha mkuu Brandon Hyde alifukuzwa. Kocha huyo huyo alikuwa ametupa ushindi 101 mwaka 2023, lakini kocha harushi mpira.

Wapo wanaosema tulikosa bahati. Hapo nitumie ile kanuni ya Bill James, mtakwimu wa besiboli, tuliyofundishana kwenye kikao cha Machi: mikimbio uliyofunga izidishe kwa yenyewe, uigawe kwa jumla yake na ile uliyofungwa, nayo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa mechi 162 za msimu. Mwaka 2024 tulifunga 786, tukafungwa 699. Kanuni inatupa ushindi kama 90, tukapata 91. Mwaka 2025 tulifunga 677, tukafungwa 788. Kanuni inasema ushindi kama 69. Sisi tulipata 75, maana yake bahati ilikuwa upande wetu. Nalisema hili kwa uchungu.

Sehemu ya bahati hiyo niliiona kwa macho yangu Septemba 6, usiku wa kuadhimisha miaka 30 ya gwiji wetu Cal Ripken kuvunja rekodi ya kucheza mechi mfululizo. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers ya Los Angeles, alikuwa hajaruhusu mpigaji wetu hata mmoja apige mpira akafika kituoni salama, awamu ya tisa na ya mwisho, wawili wametolewa, bado mmoja tu mechi iishe. Watu wakaanza kukusanya makoti. Jackson Holliday akaupiga mpira juu ya ukuta. Kutoka hapo sijui niwaelezeje. Tulishinda 4 kwa 3, na nilirudi nyumbani bila sauti.

Julai uongozi uliuza karibu nusu ya kikosi, akiwemo Cedric Mullins, na sina ugomvi nao. Aliyebaki akang'ara ni mrushaji Trevor Rogers, yule tuliyemcheka 2024: mechi 18, ushindi 9, wastani wa mikimbio 1.81.

Baridi hii mambo ni tofauti. Kocha mkuu mpya ni Craig Albernaz, kutoka Cleveland. Mpigaji Pete Alonso amesaini miaka 5 kwa milioni 155, akitoka kupiga homurani 38 na Mets ya New York. Ryan Helsley amekuja kuwa mrushaji wa kumalizia mechi, kwa kuwa Félix Bautista bado anauguza bega. Mrushaji Shane Baz ametoka Tampa Bay kwa kubadilishana na vijana wetu. Ninayemhofia ni Taylor Ward: homurani 36, ndiyo, lakini amebakiza mwaka mmoja wa mkataba, na ili tumpate tumemtoa mrushaji Grayson Rodriguez, kijana wa miaka mingi mbele, ingawa 2025 hakurusha hata mpira mmoja ligi kuu. Katibu anasema nimeanza tena. Iandikwe kwenye kumbukumbu, tuonane Januari ijayo.

Tiketi za mechi ya ufunguzi mwishoni mwa Machi tutakata kwa pamoja, jukwaa la juu upande wa kushoto. Pesa zimfikie mweka hazina kabla ya Februari 15. Pilau ya katibu ni Jumamosi hii kwangu, na nyama ni ya mbuzi, kama alivyodai.