Rudisheni tamko: waliokuwa wakienda Arusha ni wafungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa Arusha, ni kijiwe cha wanaharakati, na kwamba serikali ilifanya vyema kuwafungia wananchi mlango, yaani kuondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kwenda huko moja kwa moja. Mimi si mwanaharakati. Nimestaafu Jeshi la Magereza, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa kwenye ofisi ya rufaa za wafungwa katika gereza moja la Kanda ya Ziwa. Barua za kwenda mahakama hiyo zilipita mezani kwangu, nikazigonga muhuri. Waliokuwa wanaandika nawajua.

Wengi walikuwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Karatasi za mistari, kalamu ya kuazimana, na mfungwa mmoja mwenye mwandiko mzuri anayewaandikia wenzake wote mpaka anaitwa "wakili". Sanduku la posta la mahakama hiyo, 6274 Arusha, walilijua kwa kichwa kuliko namba za simu za ndugu zao. Wengine walikuwa majambazi kweli, simtetei mtu hapo. Lakini wengine, afande yeyote aliyekaa ofisi ile atakwambia, ukisoma mwenendo wa kesi yake, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, unabaki kujiuliza alifungwaje.

Nieleze, maana wasomaji wengi hawajawahi kuushika mwenendo wa kesi. Ukishtakiwa kwa mauaji, kesi yako inasikilizwa na Mahakama Kuu na unapangiwa wakili anayelipwa na serikali. Ukishtakiwa kwa unyang'anyi wa silaha unasikilizwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na enzi hizo ulijisimamia mwenyewe, ingawa kifungo chake hakipungui miaka 30. Sasa soma: shahidi wa kwanza anasema alivamiwa usiku, akamtambua mshtakiwa kwa mwanga wa kandili. Inafika zamu ya mshtakiwa kumhoji. Hakimu anaandika: hana swali. Shahidi wa pili, hana swali. Wa tatu, hana swali. Mkulima wa pamba ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani angeuliza nini? Mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, walisimama umbali gani, je, shahidi alimtaja jina siku ileile alipofika polisi? Maswali hayo Mahakama ya Rufani ilishayafafanua tangu mwaka 1980. Bwana yule alikuja kuyajua akiwa gerezani, kwa kufundishwa na wafungwa wenzake, hukumu ikiwa imeshapita.

Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ikatoa hukumu kwenye shauri la mfungwa mmoja Mtanzania wa kosa hilohilo. Ikasema mtu anayekabiliwa na adhabu nzito namna ile alistahili kupewa wakili bila malipo. Habari zile ziliingia gerezani haraka kuliko gazeti. Wiki chache baadaye nilikuwa na rundo la barua mezani, na nilizipeleka zote, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwaka 2017 Bunge likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sisemi ilitungwa kwa sababu ya Arusha, ila sikumbuki kuona serikali yetu ikiumia kwa kuwa nayo.

Msomaji mwenzangu anasema mahakama ile "ilikuwa inafungulia majambazi". Naona hajasoma hukumu hata moja. Karibu kila mfungwa aliyeomba aachiwe alikataliwa. Majaji walisema wao si mahakama ya rufaa, na kwamba kumwachia mtu ni hadi kuwe na sababu nzito za pekee. Walichopewa wengi, pale ilipothibitika walinyimwa wakili, ni fidia ya shilingi 300,000. Laki tatu, Mhariri. Simu ya kawaida ya mkononi. Serikali nzima inajitoa kwa ajili ya laki tatu?

Najua, haikuwa fedha. Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo iliyoingia kwenye kiini cha shauri, ya Juni 14, 2013, ilitoka kwetu: Mchungaji Christopher Mtikila alishinda katika suala la mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama. Hapo ndipo viti vilipoanza kuwaka moto. Julai 2020 ikaja ya wakili Jebra Kambole, kuhusu ibara ya 41(7) ya Katiba inayozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, akashinda. Kati ya hizo mbili serikali ilishachoka. Tarehe 21 Novemba 2019 Umoja wa Afrika ulipokea barua yetu ya kuondoa tamko tulilotoa Machi 2010, lile lililomruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja. Wiki moja baadaye, Novemba 28, mahakama ikatamka kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima, inavunja haki ya kuishi. Niliwahi kulinda zamu upande wa waliohukumiwa kunyongwa. Nchi yetu haijanyonga mtu tangu miaka ya 1990, lakini kila mlango unapofunguliwa kabla ya saa ya kawaida, wote wanasimama. Sitaeleza zaidi.

Kuondoa tamko kulianza kufanya kazi Novemba 22, 2020. Kesi zilizofunguliwa kabla ya hapo zinaendelea, ndiyo maana bado unasikia hukumu dhidi ya Tanzania. Aliyefungwa baadaye hana pa kwenda.

Wapo wanaosema bado tumo kwenye mahakama, tunaweza kushtakiwa na nchi nyingine. Ni kweli kwenye karatasi. Kongo ya Kinshasa iliishtaki Rwanda mwaka 2023, na hilo ni jambo la majeshi na mipaka. Ni nchi gani itaishtaki Tanzania kwa ajili ya mkulima wa pamba aliyekosa wakili? Wengine wanasema aende Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ipo hapahapa Arusha. Huko unatakiwa ufungue shauri ndani ya miezi miwili. Nakala ya hukumu ya Mahakama ya Rufani ilikuwa inatufikia gerezani baada ya muda mrefu kuliko huo, tena tukiifuatilia. Inabaki Tume ya Afrika kule Banjul, Gambia. Malalamiko yanapokelewa, ila hukumu yenye nguvu ya kuilazimisha serikali haitoki huko.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mahakama ile ni yetu kuliko ya nchi yoyote. Sisi ndio wenyeji wake tangu 2007. Hayati Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wetu wa zamani, aliiongoza. Baadaye Jaji Imani Aboud naye akaiongoza. Mtanzania alikaa kiti cha mbele, na Mtanzania mwenzake haruhusiwi kugonga mlango! Mtu wa Malawi au wa Ghana anapanda ndege mpaka Arusha na anasikilizwa. Wa Sakina, mtaa wa hapahapa Arusha, anayefika kwa daladala, hasikilizwi. Na tumeingia njia mbaya: Rwanda ilitangulia 2016, sisi tukafuata, kisha Benin na Kodivaa 2020, na Tunisia 2025. Kati ya nchi 12 zilizowahi kutoa tamko, tano zimejitoa.

Serikali ilisema mahakama ilikiuka masharti tuliyoyaweka kwenye tamko la 2010. Masharti yenyewe ni kwamba mtu awe amemaliza ngazi zote za ndani, na Katiba yetu izingatiwe. Wafungwa niliowagongea muhuri mimi walikuwa wameshafika Mahakama ya Rufani, na hakuna ngazi juu ya hapo. Basi namwomba Waziri wa Katiba na Sheria ajibu kupitia gazeti hili au bungeni, popote atakapoona panafaa: ni shauri namba ngapi, la mwaka gani, lililopokelewa kinyume cha masharti hayo? Akilitaja tutalisoma wote, nakala zipo wazi. Kama halipo, kurudisha tamko hakuhitaji kubadili Katiba wala kutunga sheria. Ni barua moja ya kwenda Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika.

Askari Magereza mstaafu,
Arusha